Masikio ya Popo

Enzi Chui alipokuwa mtawala wa pori, alitangaza kwamba mpelelezi wake, Popo, anasikia kila neno katika kila kiota, na atakayemsema mtawala vibaya atageuzwa kitoweo. Mti wa akina mnana, ambao haukuwahi kunyamaza mchana kutwa, ukawa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Bi Mnana, bingwa wa maneno, alivumilia mpaka koo likamwasha.

"Jamani, mume wangu nalala naye ubavu kwa ubavu, na nusu ya maneno yangu hayasikii. Huyo Popo atatusikiaje sote, na sisi hatujui kupokezana zamu?"

"Mama, utatuponza!" wanawe wakalia.

"Kama ni kuponza, nimeshawaponza." Akaanza kukisema kitambi cha Chui. Mmoja akadakia, mwingine akacheka, mara mti mzima ukarindima.

Adhuhuri Popo akatokea, macho mekundu. Ndege wote wakaganda.

"Shikamoo, Bi Mnana."

"Marahaba. Umesikia tuliyosema?"

"Nisikie nini, mama? Kelele tupu! Nakesha kazini, mchana hamnipi usingizi, na jioni Chui anataka habari."

"Si ungeuliza, mwanangu? Tulia nikusimulie."

Akaanzia kwenye harusi ya shangazi yake. Hata pilau haijapakuliwa, Popo alikuwa ananing'inia tawini, anakoroma.

Bi Mnana akashusha sauti. Mti mzima ukanyamaza tena, safari hii kwa hiari yake, mtoto wa watu apate kulala.