Mafuta ya Nabii

"Zima hiyo redio, Mama Happy," Anselim alisema kwa mara ya tatu. "Nakuomba."

Marsiana hakuizima. Aliisogeza karibu zaidi na sikio la mwanawe. Kwenye memori kadi Nabii alikuwa akiunguruma: Homa, toka! Homa, toka! Homa haikutoka. Happyness, miaka minne, alikuwa siku ya tatu hii yuko mkekani, mwili unachoma kama jiko, paji la uso linang'aa mafuta ya upako.

Asubuhi hiyo degedege lilikuwa limempanda mara mbili. Zahanati ya kijiji ilishaandika karatasi: apelekwe hospitali Ifakara, leo leo. Karatasi ilikuwa imekunjwa chini ya chupa ya mafuta, na juu ya chupa, ukutani, ilikuwapo picha ya Nabii: suti nyeupe, miwani nyeusi, mashavu ya mtu anayekula vizuri.

"Nabii alisema anayechanganya mafuta yake na kidonge amemkana," Marsiana alisema. "Nimkane, halafu nibaki na nani?"

"Na Mungu."

"Mungu ndiye aliyemtuma Nabii."

Ubishe nini hapo? Anselim mwenyewe alikuwa kibarua tu, kaja Mofu msimu wa kuvuna mpunga, hana ndugu, hana shamba, kakonda hadi mbavu zinaonekana, ndevu za mvi zimemla nusu ya uso. Na hata kuongea kama watu alikuwa haongei. Alinong'ona. Asubuhi ananong'ona, jioni ananong'ona, ndege wakivamia mpunga anawafukuza kwa kunong'ona! Wenzake walicheka mpaka wakamwita Bubu. Alitabasamu tu, akaendelea kuvuna.

Ila akiona picha ya Nabii ukutani, Bubu alikuwa hanyamazi. Nyumba sita alishaingia msimu huo, akiwasihi watu waichome. "Hayo mafuta ni alizeti ya dukani," aliwaambia. "Mimi nimetoka kwenye ibada ya sanamu, najua ninachosema. Mrudieni Mungu." Weee! Nyumba tano zilimfukuza, ya sita ikamfungulia mbwa. Heri kumpigia mbuzi gitaa, mbuzi hakurushii mawe.

Nabii mwenyewe mwaka wa pili huu haonekani. Turubai lake la maombi pale Ifakara lilifungwa siku mtoto aliyeletwa kuombewa alipomfia mikononi, na kulipokucha naye hayupo. Wafuasi wanasema amepanda milima ya Udzungwa kufunga na kuomba, atashuka na nguvu mara saba. Kwa hiyo wanasubiri, na wakati wanasubiri wanasikiliza memori.

"Bryson wa bodaboda yuko nje na pikipiki," Anselim alinong'ona. "Nauli ni juu yangu. Twende."

Marsiana alianza kulia. Alikuwa amechoka, jamani. Siku tatu hajalala, hajala.

"Kaka Anselim, unafikiri sioni? Naona mtoto anavyokwisha. Lakini nikitoka hapa na akafa njiani, nitakuwa nimemuua mimi kwa kukosa imani. Nabii angeniambia nenda, ningeshafika zamani."

Anselim alipiga magoti kando ya mkeka.

Hapo degedege likampanda mtoto kwa mara ya tatu. Macho yakageuka meupe, miguu ikakakamaa. Majirani wakajaa ndani, mbele yao Bibi Fausta, mama mkwe wa Marsiana. "Mwongezeeni mafuta!" alipiga kelele. "Mwagieni yote!"

Anselim alijaribu kumbeba mtoto. Wanaume wawili wakamshika, wakamburuta nje na kumtupa uani.

Hakuinuka. Alikaa palepale kwenye vumbi akalia kama mtoto, kamasi na machozi, wala hakujali nani anamwona.

"Bwana," aliomba, "nilikuahidi, na ahadi yangu nimeitunza. Usinirudishe kule. Fanya wewe mwenyewe, kwa njia yoyote utakayo, ila siyo hiyo. Nakusihi, siyo hiyo."

Alisubiri. Bryson alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, ameinamisha kichwa. Ndani, redio iliendelea kuunguruma, kisha Marsiana akapiga yowe.

Anselim akasimama. Akafuta uso kwa kiganja, akaingia mlangoni, na sauti iliyomtoka ilitikisa bati.

"Marsiana! Mpandishe mtoto pikipiki! Hospitali, sasa hivi!"

Watu wote waligeuka kuitazama redio. Kisha, polepole, wakageuka kumtazama yeye.

Marsiana hakuuliza swali. Alimnyanyua mwanawe akatoka mbio, akapanda nyuma ya Bryson, na pikipiki ikaondoka kwa kasi ikifuata njia ya Ifakara. Anselim aliisindikiza kwa macho hadi ikapotea nyuma ya mashamba. Alipogeuka, uani hapakuwa na mtu aliyesimama.

"Inukeni," aliwaambia, amerudi kunong'ona. "Inukeni, ndugu zangu. Mimi si kitu. Mwabuduni Mungu."

"Amina, Nabii," waliitikia wote kwa pamoja, nyuso zao zikiwa vumbini.