Anga Tulivu, Hakuna Mgeni

Taarifa ya anga ya usiku ule iliandikwa kabla jua halijatua, mezani pa muuza supu, mbele ya lango la kasri la Mfalme jijini Kaifeng.

“Leo tuone nini?” aliuliza Pei, mdomo umejaa andazi la mvuke.

“Tusione kitu,” alisema Geng. “Juzi tuliona kimondo. Tukizidisha tutaulizwa maswali.”

Wakaandika wote wawili, neno kwa neno: Anga tulivu. Hakuna mgeni. Kila mmoja akaficha nakala yake ndani ya mkono wa joho.

Mama Xue, mwenye supu, alikuwa akipangusa meza. “Nyie mabwana wa nyota! Na mimi nikiwauzia supu ya kuandika tu, mtashiba?”

Serikali haikuwa jinga. Ilikuwa na minara miwili ya kutazama nyota: wa Pei ndani ya kasri, wa Geng ng’ambo ya jiji, ili mmoja akidanganya mwingine amuumbue. Kila asubuhi Waziri alifungua taarifa zote mbili kwa pamoja. Zikitofautiana, mmoja ni mwongo, na mwongo alipelekwa kusini, kwenye nchi ya homa. Aliyemtangulia Geng alipelekwa huko. Ilirudi kofia yake tu.

Ndiyo maana kwa miaka sita marafiki hawa walipatana kwanza, kisha kila mtu akapanda mnara wake kulala.

Alfajiri ikikaribia, Geng aliamshwa na mbu. Alipoinua mkono kumpiga, akaona kivuli cha mkono huo ukutani. Taa ilikuwa imezimika zamani.

Akageuka. Mashariki, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, palikuwa na nyota nyeupe, kali kuliko Zuhura. Nyota mgeni! Baba yake na babu yake walizeeka wakitazama mbingu, wakafa bila kumwona mgeni wa namna hiyo. Geng machozi yalimtoka kwa furaha. Kisha akamkumbuka Pei na taarifa ya jioni.

Mlango wa mnara ulifungwa kwa nje, kama sheria ilivyotaka, mpaka ngoma ya asubuhi. Lango la kasri nalo hivyo hivyo. Hakuwa na wa kumtuma. Karatasi tupu alikuwa nayo, na wino. Aandike? Pei, anayepanda mnarani na mto wake, atakuwa anakoroma. Basi Pei ndiye atakayeonekana mwongo, na ana watoto wanne. Asiandike? Na kama mbu wamemwamsha Pei pia? Hapo wa kusini ni Geng mwenyewe.

Aliusukuma mlango. Alijua ni ujinga, akausukuma tena. Mara tatu alichovya brashi, mara tatu ikamkaukia mkononi.

“Pei hulala hata nyumba ikiungua,” alijiambia mwishowe. Na jua ni mfutaji mzuri. Likishachomoza, nani atajua kulikuwa na nini? Hata hivyo alisikia uchungu, kama anayemzika mtu hai. Aliiacha taarifa ya jioni ilivyo.

Ngoma ililia kungali na giza. Ukumbini kwa Waziri madirisha yalikuwa yamefungwa na mishumaa inawaka. Geng alipiga magoti ubavuni mwa Pei, wala hawakutazamana. Waziri alifungua taarifa ya kwanza. Akafungua ya pili. Akarudia ya kwanza.

“Zinalingana,” alisema. Akagonga muhuri mwekundu, akamkabidhi tarishi azipeleke kwa Mfalme, kisha akaitisha machela yake akaondoka.

Walipobaki peke yao, Pei alimshika Geng mkono.

“Uliiona?” alinong’ona.

“Kumbe wewe uliiona?”

“Si nilijua umelala, ndugu yangu! Nikasema, siwezi kukuua kwa ajili ya nyota.”

“Mimi nilidhani wewe ndiye umelala!”

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walikaa pale kitambo, wakicheka na kufuta machozi, hadi mishumaa ilipoisha. Walipotoka langoni jua lilikuwa limeshapanda juu ya mapaa, nao wakaelekea kwa Mama Xue na njaa ya watu waliofufuka.

Hakuna aliyekuwa anakula. Soko zima lilikuwa limesimama, shingo juu. Machela ya Waziri ilikuwa imewekwa chini katikati ya njia, pazia limefunuliwa, naye ametoa kichwa nje.

“Afadhali mmekuja, mabwana wa nyota,” aliita Mama Xue, akinyoosha upawa juu, mbali kidogo na jua. “Hebu tuambieni, ile inayowaka mchana kweupe ndiyo nini?”