Ngumi Iliyobaki Hewani

Mheshimiwa Mbonde, waziri wa zamani aliyekabidhiwa chuo mwezi uliopita, alisimama kwenye ngazi za ofisi akiwatazama wanafunzi waliogoma. Mabweni hayakuwa na maji wiki ya tatu sasa. Langoni askari walisubiri neno lake tu.

Akainua ngumi kama alivyozoea majukwaani.

“Wanachuo, hoyeee!”

Hakuna aliyeitika. Ngumi ilibaki hewani, jasho likimtiririka kwapani. Kuishusha aliona haya, kuirudia salamu aliogopa.

Msichana mmoja akapanda ngazi na ndoo tupu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba,” akajibu.

Msichana akamnyooshea ndoo, akangoja. Juu ya vichwa vyao, ngumi ikaanza kufunguka, kidole kimoja kimoja.