Kulinda Gari kwa Fundi Anania

Mwajuma aliweka kigoda chake karibu kabisa na miguu ya fundi Anania, maana ni miguu tu iliyoonekana nje ya gari. Akafungua mfuko wa karanga, akaanza kubangua. "Fanya kazi yako, fundi. Mimi nipo."

Kulinda gari gereji si ajabu Tunduma. Ukimwachia fundi gari ukaenda zako, usishangae likirudi na betri ya mtu mwingine. Lakini Mwajuma hakuwa analinda betri. Alikuwa analinda roho ya mumewe, na kuanzia mpakani mpaka Mlowo kila mtu alilijua hilo.

Mwaka jana Amri, mumewe, alipindua gari la mbio, na msoma ramani wake akafia palepale. Huyo alikuwa Enoka, mdogo wake Anania, wa tumbo moja. Kule Ibaba, kijijini kwao, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, Anania alimnyooshea Amri kidole mbele ya waombolezaji: "Na wewe utafia kwenye gari!" Maneno ya uchungu tu yale, jamani. Nani hajawahi kuropoka msibani? Lakini hayakusahaulika. Tangu siku ile gereji ikapoa, hata wenye bajaji wakawa wanapita kwa mbali.

Ndiyo maana watu walishika vichwa waliposikia Amri kanunua gari jingine la mbio, jepesi, bodi ya faiba, na kulipeleka kwa Anania huyohuyo likafungwe giaboksi ya sikwensho. Gia zake zimepangwa mstari mmoja kama za pikipiki. Unavuta mkono wa gia kupanda, unasukuma kushuka, basi.

Wazo lilikuwa la Mwajuma. "Hapa mpakani anayeziweza ni yeye tu," alimwambia kila aliyeuliza, na hata wasiouliza aliwaambia. "Nitakaa hapohapo. Akinipita huyo, mniite mjinga."

Anania aliipokea kazi kwa mikono miwili. Amri akiendesha salama, maneno yatakwisha na wateja watarudi. Likitokea la kutokea, hakuna atakayemsikiliza, watamwua kabla polisi hawajafika. Aliogopa, tena aliogopa sana, kwa hiyo alifurahi kuwa na shahidi. Kila bolti aliyoikaza alimwonyesha.

"Na hii ya pembeni?" Mwajuma aliuliza.

"Hii ndiyo inashika kifaa kinachochagua gia, shemeji. Ikilegea, gia mbili zinaingia kwa pamoja, boksi linajifunga, matairi ya nyuma yanagoma."

"Hapohapo?"

"Aa, siyo hapohapo. Akiwa anapanda gia hatajua kitu. Ni akianza kushusha, mteremkoni, gari likiwa kasi."

"Mungu apishe mbali! Kaza tena."

Anania akachukua spana namba kumi na saba, akakaza tena.

Kesho yake, Jumamosi mchana, Amri alipita kuona kazi ilipofikia. Simu yake ikaita, akavuka barabara kwenda kuipokea. Aliongea Kibemba kwa sauti ya chini, anatabasamu, anachorachora vumbi kwa ncha ya kiatu.

"Mteja wa ng'ambo, Nakonde," alisema aliporudi.

"Msalimie," Mwajuma alimjibu bila kuinua macho kwenye karanga zake.

Jumapili Anania alitaka kufunga gereji aende ibadani. Mwajuma akakataa gari kuachwa peke yake. "Nenda kasali, fundi. Niachie ufunguo wa geti." Loo, aliguswa! Mwaka mzima watu walikuwa wanamkwepa, leo mke wa Amri mwenyewe anamwambia kasali. Akampa ufunguo, akaenda na Biblia yake kwapani.

Aliporudi alimkuta ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Amri alikuwa ameshafika na kuliwasha gari, anataka kwenda nalo Mlowo na kurudi. Anania akachuchumaa achungulie chini mara ya mwisho.

"Kaka, jana umekagua mara tatu mbele ya mke wangu," Amri alisema. "Sasa unanitisha."

Wakacheka, ingawa kicheko cha Anania kilikuwa kikavu, naye akainuka bila kuchungulia.

Siku ya kujaribu gari, fundi hupanda. Anania alikuwa ameshafungua mlango wa pili Mwajuma alipomshika mkono.

"Hicho ni kiti cha Enoka, shemeji. Leo kiache wazi."

Machozi yakamlengalenga. Aliufunga mlango taratibu.

Gari likatoka. Anania alisimama getini akasikiliza: ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinaingia bila kukwaruza. Majirani walitoka madukani kusikiliza pia. Loisi, muuza spea, akampa mkono. "Umetuumbua, fundi. Na tulivyokusema!" Anania akahema kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Ilipita nusu saa, na bado watu walikuwa wanampongeza.

Mwajuma alikuwa kwenye kigoda, anaangalia saa. Kisha akaibana simu sikioni, akasimama, akapiga yowe lililowatoa watu mpaka sokoni.

"Amekufa! Wananiambia Amri amekufa, gari limegoma mteremkoni! Anania, umeniulia mume! Nimekuona kwa macho yangu, siku zote tatu!"

Mikono ikamkwida Anania shati, mbele na nyuma. Mtu akaokota spana. Anania akamgeukia shahidi wake pekee.

Hapo ndipo simu iliyobanwa sikioni mwa Mwajuma ilipoanza kuita.