Yangeyange wa Mwamkulu

Kashinje, kamanda wa sungusungu wanaolinda kijiji, alinivua darubini shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Mkanda ukanikwaruza sikio.

"Mama, kila asubuhi unachungulia malisho yetu. Jana wameiba ng'ombe. Unampelelezea nani?"

"Natazama ndege."

Alicheka bila kufungua mdomo. Nani angeamini? Niliwapenda ndege tangu nikiwa msichana, nilipotumwa kuwaamia kwenye mpunga wa baba. Wenzangu walirusha mawe, mimi nikasahau kurusha. Nimezeeka hivyo hivyo, na hapa Mwamkulu bado wananiita jicho la wezi.

"Basi tazama mwenyewe," nikamwambia. "Wale weupe ni yangeyange. Hawaachani na ng'ombe, maana kwato zinawafurushia panzi. Siku zote wako hapa mbugani. Leo wote wanashuka msituni, nyuma ya kile kilima, na kule hakuna anayechunga."

Aliinua darubini. Nilingoja apulize filimbi iliyoning'inia kifuani pake, wenzake waje mbio na pinde zao. Leo jina langu linasafika, niliwaza.

Hakupuliza. Alikitazama kilima muda mrefu. Kisha akaanza kuuzungusha ule mkanda kwenye ngumi yake, taratibu, mpaka ukakaza.

Ndipo nikakumbuka kwamba sungusungu hawatembei mmoja mmoja. Huyu alikuja peke yake.

"Mama," aliniuliza kwa upole, "hao ndege umeshamwonyesha nani mwingine?"