Duara la Salha

Kesho Salha, binti yangu, ataitwa kucheza mchezo wa bunduki wa serikali, kama kila kijana wa rika lake. Bangili ya mkononi husoma mapigo ya moyo. Moyo ukienda mbio, duara la shabaha hutanuka na risasi hutawanyika ovyo. Moyo ukitulia, duara hubana, na wenye duara dogo huchukuliwa jeshini. Sijaona aliyerudi.

Leo tumefanya mazoezi kwenye runinga ya sebuleni. Nimempandisha ngazi mbio, nimemnywesha kahawa kali. Bado, kila akilenga mtu, duara linakuwa kama punje ya mtama.

"Ni kwa sababu huwajui," nikamwambia. Nikavaa bangili yangu, nikaingia mchezoni kwa sura yangu mwenyewe, nikasimama mbele yake. "Haya, nilenge mimi."

Nilikuwa na hakika duara lingetanuka.

Duara likabana mpaka likawa nukta, katikati ya paji la uso wangu. Akapiga risasi moja tu.

Salha akatupia jicho bangili yangu.

"Mama, moyo wako unakwenda mbio mno," akasema kwa upole. "Keti, nikuletee maji."

Nikamwambia sina kiu.