Karatasi ya Droo ya Chini

Kifuniko cha chupa ya wino kilikataa kufunguka, dada akakiuma kwa meno. Kilipolegea, alitega sikio mlangoni. Mdogo wake alikuwa ameenda dukani kununua kamba ya kufungia mzigo. Baada ya robo saa hivi angerudi.

Yeye dada ndiye aliyemfundisha mdogo kazi ya karatasi na wino. Miaka ishirini alikunja karatasi kiwandani kwa wachapaji, hata akifumba macho vidole vilijua pa kupita. Alipoacha kazi, sebule ya nyumba yao akaigeuza chumba cha majaribio. Karatasi inalowanishwa, inakunjwa mara nane au zaidi, pembe zinachovywa kwenye wino, kisha inalazwa chini ya tofali mpaka ikauke. Ikifunguliwa, inatoa sura ambayo hakuna mkono unaoweza kuichora.

Dada mtu hakuwa na mzaha. Wino ukivuja nje ya mkunjo, hata tone, karatasi ilikwenda kapuni ikiwa bado imekunjwa. "Kilichoharibika hakitazamwi," alisema.

Mdogo mtu alikunja ovyo, akachovya ovyo, akacheka peke yake. Alifungua kila karatasi, hata za aibu. Na watu wakampenda! Wageni walimpita dada mlangoni kama mwavuli uliotundikwa ukutani, wakaenda kuinamia meza ya mdogo. Dada alisema "hongera", na kila hongera ikamshuka kooni kama kidonge kisicho na maji.

Kisha ikaja barua kutoka jumba la maonyesho. Kazi moja ya chumba chao ilikuwa imechaguliwa kutundikwa ukumbi mkubwa. Mdogo aliisoma, akaificha kifuani.

"Ipi hiyo?" dada aliuliza.

"Ngoja siku ya kuchukuliwa. Utashangaa, dada."

"Mimi nishangae nini, na mwalimu wako ni mimi?"

"Basi we ngoja tu. Ila droo ya chini usiiguse, nakuomba."

Wiki nzima droo ile ilimnyima usingizi na chakula. Mdogo akiimba jikoni, dada alijiona anaimbwa yeye. Akichelewa kuamka, alisema moyoni: keshakuwa bibi mkubwa, huyo.

Sasa droo ilikuwa wazi. Alikuwa ameomba karatasi iliyomo iwe mbaya, lakini haikuwa mbaya. Weusi ulikuwa umepenya kwenye buluu taratibu, ukaacha katikati weupe mwembamba, kama mbavu za mtu anayevuta pumzi. Hata mikunjo ilikuwa imenyooka barabara, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Lini mtoto huyu alijifunza kutuliza mkono?

Akainamisha chupa.

Wino ulitanda polepole, ukazima mbavu moja baada ya nyingine. Alifunga droo, akanawa mikono mara tatu. Alitegemea kusikia raha. Alisikia mapigo ya moyo tu.

Mdogo alirudi na kamba begani, nyuma yake mgeni wa jumba la maonyesho, mzee mwenye suti ya kijivu. Mgeni alivua kofia, akampita mdogo, akaenda moja kwa moja kwa dada na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Hongera sana, mama. Siku tulipoletewa kazi yako tuitazame, hakuna aliyetaka kwenda nyumbani."

"Umekosea, mzee wangu," dada alisema, akiurudisha mkono wake nyuma. "Mwenye kazi ni huyo mdogo wangu."

Mdogo alikuwa amekwisha kuchuchumaa mbele ya droo. Alicheka mpaka machozi yakamlenga.

"Mimi? Mimi na mikono hii ningekunja vile? Niliiokota kwenye kapu lako, dada. Mimi niliifungua tu, nikakujazia na fomu ya maonyesho kwa jina lako."

Akaivuta droo.